Mbanda Mwenye Kula Makala

Mama yangu alikuwa na jiwe moja la jikoni. Si lile la kusagia. Hili lilikuwa dogo, linaenea mukononi, jeusi na laini kama sabuni. Alilitoa mutoni wakati alipoletwa kwa baba, na hakulitupa mpaka alipokufa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa juu ya kifuniko cha nyungu ya maharagi. Mwenye kujua maharagi ya kwetu Masisi anajua kwamba yanapikwa tangu asubuhi mpaka muntu anasahau kama alikuwa na njaa. Milima yetu iko juu sana, maji inachemuka mbio lakini haiivishe kitu. Kwa hiyo mama alikuwa anafunika nyungu na jani ya ndizi, anaweka kifuniko, anaweka na jiwe. Baada ya muda jiwe linaanza kucheza: kata-kata-kata-kata. Mama anasema, "Musikie, nyungu inasali."

Ikisali polepole, anasukuma kuni ndani. Ikisali mbio kama watu wa chumba cha maombi, anavuta kuni moja nje. Na hakuna muntu alikuwa na ruhusa ya kufungua kifuniko kabla ya kuondoa jiwe. "Kwanza unamusimamisha muzee," alikuwa anasema, "kisha njo unaondoa kiti." Kaka yangu mukubwa alijaribu kuondoa vyote pamoja mara moja. Alikuwa na kovu kwenye mukono mpaka leo, ingawa leo mwenyewe hayuko, basi kovu nalo halipo.

Nimeanza na mama, na mama hayumo katika habari hii. Munisamehe. Mimi sikusoma sana, nilifika mwaka wa tatu wa primaire nikatolewa kuchunga ng'ombe, na ng'ombe haifundishe muntu kwenda njia moja kwa moja. Lakini ile kata-kata njo ilinipeleka kwa Papa Shofere.

Alikuwa amejenga karibu na kwangu, ua ya matete tu katikati yetu. Sikuwa namujua bado, nilijua tu kwamba ni muntu wa kimya mwenye bibi wa kelele. Basi asubuhi moja bibi yangu alikuwa ameenda sokoni, jikoni hakuna kitu, na mimi nikasikia kutoka ng'ambo ya ua: kata-kata-kata. Tumbo langu likasema: maharagi. Nikajitengenezea sababu, nikazunguka.

"Hodi, jirani. Mumeamuka? Nilikuya kuomba jembe."

Hakugeuka. Aliinua kidole kimoja, kama padri anayengoja watoto wanyamaze. Mbele yake, juu ya matofali, hakukuwa nyungu. Kulikuwa tanki ya shaba ya ile taa ya zamani ya kupampu, ya parokia, imelazwa ubavu, na makala inawaka chini yake. Kutoka kwenye tanki kamrija kalienda mpaka kwenye pompi ndogo, na pompi ilikuwa inaingia inatoka, inaingia inatoka, ikisukuma gurudumu ya cherehani. Gurudumu lilikuwa linazunguka peke yake. Hakuna mukono, hakuna muguu, hakuna waya. Juu ya tanki kulikuwa kakijiti cha chuma, na kwenye mwisho wa kakijiti kulifungwa kajiwe kadogo kama yai ya njiwa. Kale kajiwe njo kalikuwa kanacheza.

"Inapika nini?" nikauliza.

"Maji."

"Maji na nini?"

"Maji."

"Ao inasaga unga?"

"Hapana."

"Inatoa courant, umeme?"

"Hapana."

"Sasa, Papa, inafanya nini?"

Njo akageuka. Aliniangalia na huruma, kama muntu anayemuonyesha kipofu jua. "Jirani," akasema, "hauone? Inazunguka."

Nikakaa. Jembe sikupewa na sikuikumbuka.

Watu wengi wanafikiri alikuwa shofere wa gari. Hakuendesha gari hata siku moja. Zamani alikuwa analisha moto ya shodieri kwenye usine, kiwanda cha chai, ile tanki kubwa ya mvuke ya kukausha majani, mpaka usine ilipofungwa na miti ikaota ndani. Mukubwa wake pale alikuwa anamuita shofere, na alimweleza kwamba katika kifaransa jina lile lilikuwa kwanza la mwenye kuchochea moto, wenye magari walikuya nyuma wakalikamata. Papa Shofere hakuwasamehe. "Magari iliiba jina yetu," alikuwa anasema, na akiona camion inapanda na shida kwenye matope, anatabasamu kidogo, kama muntu anayeona mwizi amekanyaga mwiba.

Tena aliogopa magari. Padri alikuwa anamuonyesha nafasi katika jeep yake kila anapopita, na yeye anajibu, "Asante, Padri, sipande kitu ambacho sioni moto yake." Muntu aliyechezea maji ya kuchemuka maisha yake yote, akipanda moto, pikipiki ya motard, anafunga macho na kusali Salamu Maria. Nilimuona mara moja. Alishuka kabla ya kufika, akamalizia njia kwa miguu, na akamushukuru motard kama aliyetolewa mutoni.

Jina lile nusura limuue. Watu wenye silaha walifika kwetu, sitasema wa upande gani, kwa sababu kwetu upande unabadilika kama ukungu. Camion ya viazi na fromaji ya maziwa ilikuwa imesimama barabarani, shofere wake amekimbia porini. Wakaanza kuuliza muji mzima: shofere iko wapi? Na mama muzee mumoja, bila ubaya wowote, kwa majivuno ya kusaidia, akanyosha mukono: "Shofere iko pale, nyumba yenye moshi."

Wakamutoa na malapa yake. Alisema, "Mimi ni shofere wa moto." Wakafikiri anawachekelea. Walimupandisha katika kabini, wakamuweka mbele ya usukani, na kijana mumoja akakaa pembeni yake na bunduki katikati ya magoti. Sisi tulisimama kando ya barabara, hakuna aliyepumua. Papa Shofere aliangalia usukani. Aliangalia chini, kwenye miguu yake. Aliangalia kushoto, kuume. Kisha akamugeukia yule kijana na kuuliza kwa adabu yote:

"Mutoto wangu, makala inawekwa wapi?"

Yule kijana alicheka mpaka bunduki ikaanguka chini. Mukubwa wao hakucheka. Alimushusha, akasema, basi tuonyeshe hiyo moto yako. Wakaenda kwake. Alichukua muda wake wote, alipuliza makala, alingoja, akawaambia wangoje, na wakangoja. Gurudumu lilipoanza kuzunguka, mukubwa yule alichuchumaa, akaangalia sana, akauliza lile ulizo ambalo wote tuliuliza: inafanya nini? Na Papa Shofere akamujibu kama alivyonijibu. Yule akasimama, akapanguza magoti, akasema, "Muzee, ukae vizuri." Wakaiacha camion palepale barabarani.

Kisha walikuya wengine kumuomba atengeneze bunduki, maana walisikia iko muntu anayejua bomba na shaba. Hapo alikataa, na alikataa na sauti ambayo sikumujua nayo. Hata maganda ya risasi, ile shaba nzuri inayookotwa kila mahali kwetu, hakuitia katika kazi yake. "Chuma yenye imekwisha kuua haijue tena kucheza," alisema. Shaba yake ilitoka kwa vitu vya amani: taa, kitasa cha mulango, bomba ya friji ya parokia iliyokufa. Alienda mpaka Omate wakati kila mwenye mikono alikuwa anaenda kuchimba dhahabu. Wenzake walirudi na vumbi katika kitambaa, wengine walirudi na kifua kibovu. Yeye alirudi na kipande cha bomba ya pompi iliyovunjika kule shimoni, amekifunga katika shati kama mutoto muchanga.

Sikuwahi kuona muntu mwenye uvumilivu na vitu na haraka na watu kama yeye. Ukimueleza habari ndefu, anakukata: "Sasa alikufa ao hakukufa?" Lakini kwa kupitisha waya katika katobo angekaa tangu misa mpaka jioni, akisema nayo taratibu. Pompi aliipaka mafuta ya ng'ombe, alisema mafuta ya dukani inakimbia mvuke, ya ng'ombe inakaa. Mahali mvuke ulipenda kutoroka, alizungusha utambi wa taa uliolowa katika yale mafuta. Maji ilikuwa ya mvua tu, ya muto inaacha ukoko ndani ya tanki. Na muntu huyu, bwana wa maji ya moto, alikunywa chai yake baridi kila siku ya Mungu, kwa sababu alikuwa anaisahau.

Nilimuuliza mara moja mvuke ni nini. Akafikiri. "Maji inatoka juu," akasema. "Ikipata moto inataka kurudi kwao. Mimi siizuie, jirani. Naiomba tu ipitie hapa kwanza."

Sasa kale kajiwe. Kale kajiwe kalikuwa na jina: Mama Mukwe. Kwetu, muntu hachezi na mama mukwe wake. Hamupite mbele, hakule akimuangalia, na mama mukwe akifungua mudomo wewe unafunga wako. Kajiwe kalikaa juu ya katobo ka tanki. Mvuke ukizidi, unakainua, unatoka fyuu, na tanki inapumua. Ukikafunga, tanki inapasuka, na aliye karibu anapasuka nayo. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja tu katika uwanja ule: shika chochote, lakini usimufunge Mama Mukwe mudomo.

Mukubwa wa kwaya alikosea. Ilikuwa karibu na Paska, mashini ilikuwa na filimbi ndogo ya mvuke, na yeye alitaka ilie na nguvu wakati wa Gloria, na akaona kajiwe kanapoteza mvuke bure. Akakagandamiza na kidole. Papa Shofere alichukua ndoo, akamwaga maji yote juu ya makala, moshi ukatufunika, na kutoka ndani ya moshi tukasikia sauti yake: "Unamushika mama mukwe wangu mudomo, mbele yangu, katika uwanja wangu?" Hakusemezana naye mpaka Pentekoste. Kwaya iliimba Gloria bila filimbi.

Kama kulikuwa mama mukwe, basi kulikuwa na bibi. Ndiyo. Bibi wa pili ilikuwa mashini, na jina hilo lilitoka kwa Mama Shofere, bibi yake mwenyewe.

Alikuwa muntu wa pori ya Walikale, mufupi, mwenye mudomo mutamu na muchungu pamoja. Kwa sisi wa Kongo, mwanamuke mwenye kushirikiana nawe mume anaitwa mbanda. Papa Shofere hakuoa mwingine, lakini Mama Shofere alisema mbanda iko naye, na ni ile mashini. Alimulalamikia kwenye bomba ya maji mbele ya wamama wote: "Mbanda wangu iko na kitumbo ya shaba, hazae, hapike, na kila siku anakula makala yangu! Na mume anamupaka mafuta, mimi kisigino changu kinapasuka!" Wamama wanacheka mpaka maji inamwagika. Akifika kwake anamuuliza mume: "Leo nalala wapi, kwangu ao kwa mbanda?" Na yeye, muntu wa kimya, anajibu bila kuinua macho: "Uliza mama yako, iko juu ya tanki."

Lakini nani alikuwa anasugua ile shaba na majivu na limau mpaka inangaa? Ni yeye. Nani alichunga mafuta ya ng'ombe katika kopo, nyumba haina mafuta ya kupikia? Ni yeye. Nilimukuta mara moja peke yake uwanjani, anafunika mashini na kitenge chake kwa sababu ya mvua, na anaiambia, "Lala, mbanda, lala, bwana yetu anarudi."

Na nitawaambia kitu kimoja ambacho Papa Shofere hakumwambia muntu aliyemuuliza. Mashini ilikuwa na kazi. Kwetu ukungu unashuka alasiri bila hodi. Muntu iko katika shamba ng'ambo ya bonde, anainua kichwa, hakuna tena mulima, hakuna njia, hata mikono yake mwenyewe haione vizuri. Shamba la Mama Shofere lilikuwa ng'ambo ile. Basi ukungu ukianza kushuka, Papa Shofere alikuwa amekwisha kuwasha. Anavuta kawaya ka filimbi: moja ndefu, mbili fupi. Kisha anainamisha kichwa, mukono nyuma ya sikio. Na kutoka katika ule weupe, mbali, unasikia jembe ya bibi yake inapigwa na jiwe: nge, nge. Anapiga tena. Nge, nge, karibu zaidi. Hivyo, mpaka anamutoa katika ukungu kama muntu anayevuta kamba. Anatokea na kuni kichwani na neno la kwanza ni: "Mbanda wangu iko na sauti mubaya."

Siku ya kukimbia sitaieleza yote. Waliokimbia wanaijua, na wasiokimbia Mungu awalinde wasiijue. Tulikuwa tunashuka, muji mzima, katika ukungu. Mama Shofere alikuwa mbele yangu kidogo, godoro kichwani, jembe mukononi, na mume wake karibu naye. Kwenye kona ya shule Papa Shofere akasimama. "Nimeiacha," akasema.

Mama Shofere hakugeuka, godoro lilikuwa linamuzuia. "Haya," akasema, "leo njo utatuonyesha bibi mukubwa ni nani."

Ilikuwa mchezo wao wa kila siku. Papa Shofere alicheka pumzi moja, akarudi mbio juu.

Kisha risasi zikaanza, na ile njia yetu moja ikawa njia nyingi. Wengine walikamata kushoto, upande wa pori, upande wa Walikale. Wengine tuliteremuka upande wa ziwa. Mimi nilijificha nyuma ya ukuta wa shule, na njo maana nilimuona aliporudi. Alikuwa na mashini begani. Kwenye kona kulikuwa godoro peke yake, limelala katikati ya njia. Aliita jina la bibi yake. Aliita tena. Filimbi ilikuwa begani mwake, ile filimbi iliyomutoa katika kila ukungu, lakini filimbi haiite bila moto, na moto inaomba muda, na siku ile hakuna aliyekuwa na muda. Nilimuvuta na shati. Akabeba godoro pia.

Tulifika Shasha. Mama mumoja anayekaanga sambaza, visamaki vya ziwani, kando ya barabara alitupa nafasi nyuma ya kibanda chake, Mungu amubariki kwa kila kisamaki. Papa Shofere alitengeneza mabeseni na mataa ya watu. Mashini aliifunga katika kitenge, akaisukuma chini ya ubao. Watoto wa Shasha walisikia habari, wakamuomba aiwashe. "Imechoka," aliwaambia. Juu ya lile godoro alilala upande wa ukuta, na upande ule mwingine aliuacha wazi. Mimi nililala chini, kwenye mukeka, wala sikuomba.

Alianza kuwa muntu wa maneno. Yeye ambaye alikata habari za watu, sasa alinirudisha kwenye habari moja tu. Tuko tunachambua sambaza, anaweka kisu chini.

"Jirani. Pale kwenye kona. Bibi yangu alicheka, si ndiyo?"

"Alicheka, Papa."

"Ulimusikia?"

"Nilimusikia."

"Kwa sababu uso sikuona. Godoro ilikuwa inafunika." Anachambua kidogo. "Muntu anaweza kuanza neno na mchezo, kisha anafika mbele, anageuka, anaona hakuna muntu, na lile neno linakuwa kweli."

Mimi niliendelea kuchambua. Niliogopa njia, niliogopa njaa, yeye aliogopa kitu kimoja tu: kwamba bibi yake iko mahali fulani katika dunia, anafikiri mume wake alichagua shaba. Tuliuliza kila aliyepita. Kwa simu, kule porini hakuna réseau, na simu ya Mama Shofere ilikuwa katika godoro.

Sasa ilikuwa siku ya soko. Motard mumoja alisimama kwa mama wa sambaza, matope mpaka kwenye nyusi, anatoka Pinga, upande wa Walikale. Kijana wa kelele, anakula na anasema pamoja.

"Huko Pinga kuko wazimu wa kila namna," akasema. "Iko mama mumoja kule sokoni, kila motard anayetoka upande wa ziwa anamusimamisha. Unajua anauliza nini? 'Kaka, hamukukutana na mwanaume mwenye kubeba mbanda wangu begani?'"

Watu wakacheka. Mama wa sambaza akasema, "Heee! Mume anabeba mbanda begani, na yeye njo anamutafuta? Mimi ningetafuta panga!"

"Ngoja, mama, haijaisha! Tunamuuliza, huyo mbanda iko namna gani? Anasema: iko na kitumbo ya shaba, anakula makala!"

Watu walicheka zaidi. Mimi nilimuangalia Papa Shofere. Alikuwa ameshika sambaza katikati ya vidole, hakuila, hakuiweka.

"Mutoto wangu," akasema, "anauliza akilia, ao anauliza akicheka?"

Motard akafuta mudomo. "Anacheka, Papa. Anacheka sana. Njo maana tunasema kichwa yake imeguswa."

Papa Shofere aliweka ile sambaza chini, polepole, kama kitu kinachoweza kupasuka. Kisha akainama, akaweka uso katika mikono yake, na mabega yakaanza kucheza. Mama wa sambaza aliogopa, akasema analia. Mimi nilimujua. Alikuwa anacheka.

Motard alipoelewa, aliona haya, akawa muntu muzuri. Alisema yule mama hakai mahali pamoja, siku ingine iko Pinga, siku ingine anashuka na wachuuzi vijiji vya chini, anauliza. Akasema: "Papa, panda. Nakupeleka na moto."

"Asante, mutoto wangu. Mimi niko na moto yangu."

"Ni mbali!"

"Ile yako inapita mbio, inalia yenyewe tu. Haisikie. Mimi nataka nisimame kila mulima, niite, nisikilize."

Tulivuta mashini chini ya ubao. Kitenge kilikuwa kimeshika vumbi. Alifungua, akagusa kila kitu, na Mama Mukwe hakuwepo. Kajiwe kalianguka njiani siku ile. Tukaenda kutafuta kengine. Lakini kule ni mawe ya volkano, yana matobo kama mukate, nyepesi. Nilimuletea moja kubwa, moja dogo, jeusi, jekundu. Anapima mukononi, anatupa. Mwisho nikateremuka pale kamuto kadogo kanapoingia ziwani, kenye kutoka kwetu juu, na katika muchanga wake nikaona kajiwe kalaini kama sabuni. Alikapima, akafunga macho. "Huyu anaweza kunikalia juu," akasema.

Akawasha. Shasha yote ilikuya. Alipuliza makala, akangoja, akatungojesha. Kajiwe kakaanza: kata-kata-kata. Mimi nikamusikia mama yangu. Gurudumu likazunguka, na watoto wakauliza inafanya nini, na safari hii alijibu vingine. "Inaita," akasema. Akavuta kawaya: moja ndefu, mbili fupi. Ndege wa ziwani waliruka. Kisha, kwa mazoea, akainamisha kichwa, mukono nyuma ya sikio.

Mama wa sambaza hakujua habari ya jembe, hatukumueleza. Ni moyo wake tu. Alipoona muzee anangoja, akachukua kijiko, akapiga karai yake: nge, nge.

Papa Shofere akamugeukia. "Asante, mama," akasema. "Si wewe. Lakini asante."

Aliiacha ipoe mpaka shaba ikakubali mukono. Akaiweka katika kitunga, akapitisha kamba kwenye paji la uso, kama wamama wetu wanavyobeba, maana bega lake lilikuwa na jeraha tangu siku ile ya kukimbia na mashini. Wavuvi wakamupigia kelele: "Papa, unabeba kama mama!"

"Ni mbanda wake," akajibu. "Namupelekea."

Nilimusindikiza mpaka pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Sake. Godoro aliniachia. Alisema nilale katikati. Alinipa mukono, mukono wenye mafuta ya ng'ombe, na mimi nilianza kumueleza neno refu, la ujirani wetu na la mama yangu na jiwe lake, na yeye akanikata.

"Utanielezea," akasema.

Akaenda. Aliinama mbele kidogo kwa ajili ya uzito, hatua za muntu asiye na haraka, na hakugeuka, kamba ilikuwa inamuzuia. Nilisimama mpaka kona ikamumeza. Baadaye kidogo, ukungu ulipogusa milima ile ya juu, nilifikiri nimesikia, moja ndefu, mbili fupi. Papa Shofere hakurudi, na kama alimukuta, mpaka leo sijui.